Wapangaji Wawili wa Ng'ambo

Neno kupanga lina nyuso mbili. Anayeviweka vitu kwa safu, kila kimoja mahali pake, anapanga; na anayeingia katika nyumba ya mwengine akailipia kodi kila mwezi, naye anapanga. Kwa hivyo lugha imewapa jina moja watu wawili ambao ni nadra kukaa baraza moja: mpangaji anayeuchora mji juu ya meza, na mpangaji anayelala ndani ya mji huo. Ni mahali pachache katika pwani yetu ambapo watu hawa wawili wametazamana kwa muda mrefu kama walivyotazamana Ng'ambo ya Unguja. Kwa zaidi ya miaka mia moja mmoja amekuja na karatasi, mwengine amekuja na fito, boriti na udongo. Na kila karatasi ilipokunjuliwa, ilikuta fito zimekwisha kusimama.

Historia hii inastahili kusimuliwa tena, maana mji wa Zanzibar haujaacha kutanuka, na pale unapotanukia leo ndipo yanapopandwa mahitaji ya kesho: njia ya kupita, maji ya kunywa, na shamba la muhogo.

Jina lenyewe la Ng'ambo ni ushahidi. Ng'ambo ni upande wa pili wa maji, na maji yenyewe yalikuwepo. Mkono wa bahari uliingia kutoka kaskazini ukakaribia kuukata mji wa mawe na ardhi ya kisiwa, hata mji ukawa kama kisiwa kidogo kilichoshikiliwa na shingo nyembamba ya mchanga. Maji yalipojaa, mtu alivuka kwa daraja, na daraja hilo ndilo lililoacha jina la Darajani. Upande wa magharibi palikuwa na forodha, majumba ya ghorofa, balozi na kasri. Upande wa mashariki palikuwa na minazi, miembe, visima na vibanda. Aliyesema "ng'ambo" alikuwa amesimama upande wa forodha. Waliokaa upande ule mwengine walilipokea jina walilopewa, kisha wakalifanya lao.

Ni nani waliokaa huko? Walikuwepo wavuvi na wakulima wa asili, mafundi, wachukuzi wa bandarini, Wangazija, watu wa bara waliokuja na misafara, na, baada ya amri ya 1897 ya kukomesha utumwa, watu walioacha mashamba ya karafuu kuja kutafuta riziki iliyo yao. Walijenga juu ya ardhi isiyokuwa yao. Hapa pana jambo ambalo mgeni hulielewa kwa tabu: katika Ng'ambo ya zamani, nyumba ilikuwa na mwenyewe na ardhi ilikuwa na mwenyewe, na wenyewe hao hawakuwa mtu mmoja. Fulani alikuwa na kuta, milango, paa la makuti na baraza ya mbele. Fulani mwengine alikuwa na udongo uliobeba vyote hivyo. Sehemu ya udongo huo ilikuwa wakfu, sehemu ilikuwa milki ya watu wenye mali. Hapo mwanzo mwenye ardhi wengi walitosheka na heshima ya kuwa na watu nyuma yao. Kodi, ikiwa ilikuwepo, ilikuwa ndogo. Mtu akiomba mahali, akipewa mahali, akijenga.

Je, ujenzi huo haukuwa na mpango? Wageni wengi walioandika kuhusu Ng'ambo walisema haukuwa nao, kwa kuwa walitafuta mistari iliyonyooka na hawakuiona. Lakini aliyejenga alijua kwamba haachi nyumba yake ikaziba mlango wa jirani. Kwamba uchochoro ni lazima utoshe kupita jeneza na wanaolibeba. Kwamba mbele ya nyumba panahitaji baraza ili mgeni apokewe bila ya kuingia ndani. Kwamba uwani pawe na sitara. Na kwamba msikiti na kisima visiwe mbali. Mpango ulikuwepo, ila haukuandikwa. Ulikaa katika vinywa vya watu na katika haya zao.

Na mpango huo uliacha ramani yake, nayo ni majina. Mwembetanga, Mwembeladu, Mwembeshauri, Mwembemakumbi na Miembeni ni kumbukumbu za miembe. Mikunguni palikuwa na mikungu, Michenzani palikuwa na michenza, Kikwajuni pana mkwaju ndani ya jina lake. Kisimamajongoo kinataja kisima, Gulioni pataja gulio. Kwahajitumbo na Kwamtipura ni majina ya kwenda kwa mtu, na hapana shaka aliyeyatamka mara ya kwanza alikuwa akimwelekeza mwenziwe njia. Miti mingi imekwisha kukatwa, visima vimefukiwa, lakini mtoto wa leo bado anajua Mikunguni inaanzia wapi na inaishia wapi.

Neno ramani nalo lina safari yake. Linatokana na neno la Kiajemi lenye maana ya kuonesha njia, likapita kwa mabaharia wa Kiarabu, ambao waliliita hivyo daftari la nahodha lenye kutaja miamba, vina, pepo na bandari. Kazi ya ramani ya kwanza ilikuwa kumfikisha mtu salama pale alipokwisha kuamua kwenda. Haikumwambia bahari aipange vyengine. Ramani iliyokuja Ng'ambo katika karne ya 20 ilikuwa ya namna nyengine: ilisema pawe nini pale palipokwisha kuwa na watu.

Wa kwanza kuileta alikuwa Henry Vaughan Lanchester, msanifu wa Kiingereza aliyekuwa amefanya kazi ya kupanga miji nchini India. Alifika Unguja mwaka 1922, na mwaka uliofuata, 1923, ripoti yake ilichapishwa kwa kitabu. Ni kazi ya mtu makini. Aliitazama bandari, barabara, mwenendo wa upepo, ile hori iliyokuwa ikinuka maji yakitoka, na alizingatia kwamba mji wa kitropiki hauwezi kukatwa kwa kitambaa cha Ulaya. Lakini Lanchester alikuwa mgeni wa serikali ya ulinzi, na serikali hiyo ilikwisha kuamua moyoni kwamba mji una sehemu mbili: sehemu ya mawe, ambayo ndiyo mji, na sehemu ya udongo, ambayo ni makaazi ya wenyeji. Yaliyopendekezwa kwa upande wa bandari na barabara yalipata fedha kidogo. Yaliyopendekezwa kwa Ng'ambo yalibaki kitabuni kwa sehemu kubwa. Ama hori, ilifukiwa vipande kwa vipande, na kipande cha mwisho kilifukiwa katika miaka ya 1950. Maji yakaondoka, njia kuu ikapita mahali pake, na bado watu wakaendelea kusema Ng'ambo. Mstari uliokuwa wa maji ukawa mstari wa lami.

Wakati kitabu cha Lanchester kinakaa kabatini, mpangaji wa pili alikuwa na hesabu nyengine. Katika miaka ya 1920 ardhi ya Ng'ambo iligeuka bidhaa. Mji ulikuwa ukijaa, na wenye ardhi, wa zamani na walionunua karibuni, waliona kwamba udongo uliokuwa ukileta heshima tu ungeweza kuleta rupia. Kodi za ardhi zikapandishwa. Mwenye nyumba aliyejenga kwa jasho lake alijikuta anaweza kupoteza kila kitu kwa kushindwa kulipia kile kilicho chini ya miguu yake. Maana ukuta wa udongo hauhamishiki. Mwaka 1928 wapangaji wa ardhi wa Ng'ambo waligoma. Walikataa kulipa, mtaa kwa mtaa, wanaume na wanawake, wenye makabila na asili mbalimbali. Wakatiwa mahakamani, na hawakuvunjika. Serikali, ambayo siku zote ilisema haina la kufanya katika mambo ya milki za watu, ikalazimika kutunga sheria ya kuzuia upandishaji wa kodi hizo.

Mwaka huo huo wa 1928 mwanamke mmoja wa Ng'ambo alipanda meli kwenda Bombay kurikodi nyimbo za taarabu kwa Kiswahili, na santuri zake zikaenea pwani nzima. Huyo ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, kijiji cha kusini ya mji, mfinyanzi na mchuuzi wa vyungu aliyehamia mjini mnamo 1911. Kukutana kwa mambo hayo mawili katika mwaka mmoja si ajabu ya bure. Mtaa uliohesabiwa kuwa ni fujo ya vibanda ulitoa sauti iliyosikika kuliko sauti yoyote ya upande wa mawe, na ulitoa mgomo uliobadilisha sheria. Kwa lugha ya ramani, mahali pale palikuwa patupu. Kwa lugha ya watu, ndipo mji ulipokuwa ukitokea.

Katika miaka ya 1940 serikali ilirudi Ng'ambo na mpango mwengine. Eric Dutton, Katibu Mkuu wa Serikali wakati huo, alikuwa mtu aliyeamini kwamba jengo jema hutengeneza raia mwema. Chini yake, na kwa kalamu ya msanifu Ajit Singh Hoogan, kilijengwa Raha Leo, kituo cha kiraia chenye ukumbi na mahali pa mikutano na mafunzo, pamoja na nyumba za mfano zilizozunguka pale. Jina lilikuwa zuri, na jengo lilikuwa zuri. Lakini nyumba hizo za mfano zilikuwa chache mno na ghali mno kwa wengi wa wale waliokuwa wakioneshwa mfano. Mwaka 1955 ikatungwa sheria ya mipango ya miji na vijiji, ambayo iliendelea kutumika kwa miongo mingi baadaye, na mwaka 1958 ukatoka mpango wa pili wa mji, wa Henry Kendall, aliyekuwa amepanga miji Palestina na Uganda kabla ya kuja Unguja. Kendall aliweka maeneo kwa rangi: hapa makaazi, hapa biashara, hapa viwanda, hapa uwazi. Rangi hizo zilikuwa na miaka michache tu ya kuishi.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 Ng'ambo ilivuka. Raha Leo, palipokuwa na kituo cha redio, pakawa mdomo wa Mapinduzi. Na jengo lililokusudiwa kuwatengeneza raia watulivu likawatangazia Wazanzibari kwamba serikali imeanguka. Miezi miwili baadaye, tarehe 8 Machi 1964, Rais Abeid Amani Karume alitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya serikali. Kodi ya ardhi iliyogomewa mwaka 1928 ikatoweka pamoja na waliokuwa wakiitoza. Mashamba yakakatwa vipande vya eka tatu tatu na kugaiwa familia zisizo na ardhi. Kwa mtu ambaye babu yake alilima kwa amri na mama yake alilipia udongo aliolalia, neno "eka tatu" lilikuwa na uzito ambao hakuna hesabu ya mavuno inayoweza kuupima.

Lakini serikali mpya nayo ilikuwa na ramani. Ujerumani ya Mashariki ilituma wataalamu, na nyumba za mwanzo za ghorofa zikasimama Kikwajuni na Kilimani. Mwaka 1968 Hubert Scholz alikamilisha mpango wa tatu wa mji. Huu haukuitazama Ng'ambo kama makaazi ya wenyeji ya kuachwa kando. Uliitazama kama kitovu cha mji mpya. Hiyo ilikuwa heshima. Lakini ili heshima hiyo ikamilike, Ng'ambo yenyewe ilikuwa iondoke: vibanda vibomolewe karibu vyote, na mahali pake pajengwe majumba marefu ya ghorofa. Michenzani ikakatwa kwa njia mbili pana zinazokutana kwa umbo la msalaba, na kando ya njia hizo yakapandishwa majumba ya saruji yaliyolala kama treni. Watu waliyaita majumba ya maendeleo. Mengi yalijengwa kwa nguvu za wananchi waliokwenda kufanya kazi bila ya ujira. Wako waliokwenda kwa mapenzi, wako waliokwenda kwa kuwa haikuwa salama kutokwenda.

Yapasa kulisema hili kwa uadilifu wa pande zote mbili. Aliyepewa chumba chenye mfereji, umeme na choo cha ndani, ambaye jana alichota maji kisimani, hakupewa kitu kidogo. Na aliyevunjiwa nyumba aliyoirithi, akahamishwa na jirani waliomzika baba yake, hakupoteza kitu kidogo. Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, Kisiwandui, hatua chache kutoka Michenzani, na kazi ikapungua kasi yake. Mpango wa kuibomoa Ng'ambo yote haukukamilika. Leo majumba yamesimama katikati, na nyuma yake tu, hatua chache, mitaa ya zamani inaendelea na vichochoro vyake. Waliohamia ghorofani waliteremka jioni wakakaa chini ya ngazi, wakatengeneza baraza pale ambapo mchoraji hakuichora. Na mahali pote pale panaitwa Michenzani, kwa jina la matunda.

Mpango wa nne ulitayarishwa mwaka 1982 na wataalamu wa Kichina. Wakati huo swali lilikuwa limehama. Ng'ambo ilikuwa imejaa, na mji ulikuwa unatoka nje yake: Mpendae, Mombasa, Mwanakwerekwe, Kilimahewa, Chumbuni, na mbele zaidi Fuoni, Tomondo na Bububu. Mpango huo ulikata viwanja, ukaacha njia, ukaweka mahali pa skuli na masoko. Kasoro yake kubwa ilikuwa nje ya karatasi: viwanja vilivyopimwa havikutosha, na waliovihitaji hawakungoja. Aliyekuwa na ndugu ofisini alipata kiwanja. Asiyekuwa naye alikwenda kwa mwenye eka tatu.

Hapa historia inapinda. Eka tatu zilitolewa kwa kulimwa. Ardhi ilibaki ya serikali, na aliyepewa hakuwa na ruhusa ya kuiuza. Lakini familia ya 1965 ilikuwa na watoto, na watoto wakawa na watoto, na mji ukafika mlangoni pao. Muhogo wa shamba zima haukulingana na bei ya kipande kimoja cha kujengea. Ndipo ikazuka namna ya kuuza ambayo yafaa mshairi aistaajabie. Tangu zamani katika visiwa hivi mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Mtu aweza kumiliki mnazi uliosimama katika shamba la mwengine. Basi hati ikaandikwa kwamba fulani amemuuzia fulani minazi miwili na mwembe mmoja. Sheha akashuhudia, dalali akachukua chake, na wiki ya pili mwembe ukakatwa, ukachimbwa msingi. Kilichouzwa kwa maandishi ni kivuli. Kilichonunuliwa ni mahali pa kukaa.

Sheria ya umiliki wa ardhi ya mwaka 1992 ilijaribu kuyaweka sawa mambo haya kwa kuzipa haki za matumizi umbo la kisheria, na kabla yake, mwaka 1989, ilianzishwa Kamisheni ya Ardhi na Mazingira, iliyofanya kazi kwa msaada wa Finland. Upimaji ukaendelea, lakini nyumba ziliendelea kwa kasi zaidi. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Sensa ya 2022 iliwakuta 893,169, karibu nusu ya Wazanzibari wote, ambao walikuwa 1,889,773. Yaani ndani ya miaka kumi mkoa mmoja uliongezeka kwa nusu ya watu wake. Na watu hao hawakupandishwa hewani. Walitandazwa juu ya ardhi, nyumba moja moja ya chini, kila moja na uwa wake.

Ni ardhi gani hiyo? Hapo ndipo pazito. Kisiwa cha Unguja hakina udongo wa namna moja. Upande wa mashariki na kusini ni maweni na uwanda, udongo mwembamba juu ya jiwe, ambapo mkulima hutafuta mfuko wa udongo baina ya mawe. Upande wa magharibi na katikati ndiko kwenye udongo mzito, mabonde na chemchemi. Mji ulizaliwa upande wa magharibi kwa sababu ya bandari, na umekua juu ya ardhi bora kuliko zote. Sultan Barghash, katika miaka ya 1870 na 1880, aliyaleta maji mjini kwa mfereji kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Mji wakati huo ulikuwa mbali na chanzo chake. Leo mji umekwenda wenyewe hadi kwenye chanzo, umechimba vyoo vyake juu yake, na umejenga katika njia ambazo maji ya masika huzijua tangu dahari. Maji hayasomi hati ya minazi miwili. Masika yakija, wakaazi wa Mwanakwerekwe na mabonde mengine hutoa vyombo vyao nje na kungoja.

Wako wanaosema kwamba lawama yote ni ya wananchi wasiofuata mipango. Historia haiungi mkono maneno hayo. Mipango minne iliyopita, mmoja uliiona Ng'ambo kuwa ni maradhi ya kuzuiliwa yasivuke, mmoja uliipaka rangi kutoka mbali, mmoja ulitaka kuifuta ili uiheshimu, na mmoja ulikata viwanja vichache kuliko watu. Wako pia wanaosema kwamba watu waachwe tu, kwa kuwa mji wa Kiswahili hujijenga wenyewe. Hili nalo ni nusu ya ukweli. Desturi iliyolinda uchochoro wa jeneza ilifanya kazi pale ambapo aliyejenga na jirani yake walijuana, na mwenye kuomba mahali aliomba mbele ya wazee. Ukingoni mwa mji wa leo muuzaji yuko kijijini, mnunuzi yuko Dar es Salaam au Muscat au London, na fundi analipwa kwa simu. Desturi haipigiwi simu. Nyumba zinasimama, na siku ya msiba gari haliwezi kupita. Siku ya moto, vivyo hivyo.

Katika miaka ya karibuni wapangaji wawili hawa wamejaribu kukaa pamoja. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia, na kwa muda ikaonekana kana kwamba upande wa mawe ndio pekee wenye cha kurithiwa. Baadaye idara ya mipango miji na vijiji ya Zanzibar, pamoja na washirika kutoka Amsterdam, ikaanzisha kazi iliyopewa jina la Ng'ambo Tuitakayo. Wakaazi waliulizwa mambo ambayo Lanchester hakuyauliza: maskani zenu ziko wapi, ngoma huchezwa wapi, mti gani hukaliwa chini yake, sinema ilikuwa wapi. Majibu yao yaliingia katika kitabu cha ramani cha Ng'ambo kilichotoka mwaka 2019. Mpango mpya wa mji mzima nao ulitayarishwa, ukikusudia mji ukue kwa kupanda juu na kujazia palipo wazi, pasipo kuendelea kula mashamba. Jina Tuitakayo ni kitenzi cha wengi. Kwa mara ya kwanza mpango wa Ng'ambo ulitamkwa na nafsi ya kwanza.

Lakini wakati Ng'ambo ya zamani inaulizwa inataka nini, Ng'ambo mpya iko kilomita kadhaa kutoka hapo, na haijaulizwa. Iko Fuoni na Kwarara, Kianga na Dole, Kihinani na Chuini, mahali penye msingi uliochimbwa jana na mnazi uliokatwa leo. Iko pia Fumba, ambako mji mpya wa nyumba zilizopangwa kwa safu umejengwa kando ya bahari kwa ajili ya wenye uwezo wa kununua. Kutoka Fumba Siti binti Saad alitoka kwa miguu na vyungu vyake kichwani kwenda kuutafuta mji; baada ya miaka mia moja mji umekwenda Fumba wenyewe. Binti wa mfinyanzi wa leo atakaa sehemu gani ya mji huo, ni swali ambalo ramani yoyote ya haki haina budi kulijibu kabla ya kupakwa rangi.

Jibu halihitaji miujiza. Historia ya miaka mia moja inaonesha kwamba ukingoni mwa mji kuna mambo machache ambayo yakishapotea hayarudi: njia, mkondo wa maji, chanzo cha kisima, uwanja wa watoto na makaburi. Nyumba yaweza kusubiri saruji, paa laweza kusubiri bati, lakini njia isiyoachwa leo itapatikana kesho kwa kuvunja tu. Serikali isiyoweza kupima kila kiwanja yaweza kuziwekea alama njia na mabonde kabla ya kipande cha kwanza kuuzwa, na kumpa sheha karatasi ya alama hizo, ili anapotakiwa kushuhudia mauzo ya miti aitazame. Na mwenye eka tatu, ambaye atauza kwa vyovyote vile, yafaa apewe njia ya kuuza kwa uwazi na kubaki na sehemu, kuliko kuachiwa auze kivuli kwa bei ya dalali, kisha awe mpangaji katika shamba aliloachiwa na babu yake.

Tayari mitaa hiyo mipya ina majina. Upo mtaa unaoitwa Nyarugusu, kwa jina la kambi ya wakimbizi ya Kigoma. Upo Mombasa, na ndani yake pana Kwamchina. Hakuna ofisi iliyoyatunga. Watu wamefika, wamepatazama walipofika, wamepaita. Kama ilivyokuwa Mwembetanga na Kisimamajongoo, jina limetangulia na ramani itafuata. Inavyoonekana, majina ya mitaa hii ni machache yanayotaja miti.